Tupeane uzoefu: gemu zinazotuuzia bahati

MlindaLango_Umoja
Wadau wa gemu, salaam. Nafungua uzi huu tupeane uzoefu kuhusu jambo moja tu: zile paki, masanduku, magurudumu na spini ndani ya gemu, ambazo unalipa kwanza ndipo unaonyeshwa ulichonunua. Sizungumzii gemu yenye bei yake. Sizungumzii hata skini, yaani vazi au pambo la mhusika au silaha, inayouzwa na bei imeandikwa kando. Hiyo ukiona ni ghali unaiacha. Nauliza juu ya kununua bahati.

Naanza mimi. Mtaani kwetu tuna ligi ya gemu ya mpira tangu enzi za PlayStation 2, pale kibandani, mshindi anabaki na pedi, aliyefungwa analipia mechi. Timu zilikuwa zilezile kwa wote. Ukinifunga, umenifunga kwa vidole vyako. Siku hizi vijana wanacheza ile sehemu ya kujenga kikosi kwa kadi, na kadi zinatoka kwenye paki. Jirani yangu ana beki wa kati anayekimbia kuliko winga wangu, na hakumpata kwa kucheza. Halafu kila Septemba toleo jipya linaingia, kikosi kinabaki kwenye gemu ya zamani, watu wanaanza kununua upya. Yaani unalipia kadi ambazo mwakani hazina kazi.

Ombi moja: ukisimulia yaliyokupata, usitaje kampuni. Sema gemu ni ya aina gani, tutakuelewa. Sitaki kesi.

Fundi_Pedi
Mkuu, nina kibanda cha gemu Kayole, Nairobi, na naona haya mambo kila siku. Zamani kijana alikuja na mia yake, akacheza mpaka iishe, akaenda kwao. Sasa anacheza mechi moja, halafu ananiita pembeni: "Fundi, nitilie koini." Wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo wananipa pesa mkononi, mimi nawanunulia na kukata kakitu changu. Sifichi, ni biashara.

Kiasi chenyewe hakinishangazi. Kinachonishangaza ni jinsi wanavyonunua. Akinunua skini anayoitaka, anaondoka ameridhika, pengine nisimwone tena mwezi mzima. Akinunua za kuspini, anarudi baada ya nusu saa. "Nilikuwa nimekaribia, fundi." Umekaribia vipi, na kila spini inaanza upya? Lakini mwangalie akispini: mshale unapunguza mwendo, unapita taratibu juu ya ile bunduki ya dhahabu, unasimama kando yake. Mwili wote wa kijana unainama kuusukuma.

Niliamua simtilii mtu aliyevaa sare ya shule. Kibanda cha pili hawana hiyo sheria, kwa hiyo wanaenda huko.

Mama_Wawili
Mimi si mchezaji, nimeletwa huku na kijana wangu wa gredi ya sita. Anacheza ile ya kushuka kisiwani na kupigana risasi, kwenye simu yangu, nikiwa jikoni. Namba ya siri ya M-Pesa anaijua kwa sababu mimi mwenyewe humtuma dukani alipe unga. Alikuwa ananunua kidogo kidogo kisha anafuta ujumbe. Niligundua nilipoomba taarifa ya akaunti kwa mambo ya chama. Mistari kwa mistari: mia na thelathini, mia na thelathini, mia mbili na sitini.

Nikamkalisha, nikamuuliza hizi mia na thelathini ni za nini. Akaniambia, "Mum, hizo si pesa, ni daimondi." Na wallahi hakuwa ananidanganya. Nilimwambia anionyeshe. Shilingi inaonekana mara moja, pale unaponunua daimondi. Ukishaingia ndani kila kitu ni daimondi, shilingi huioni tena. Na daimondi zenyewe zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya spini. Daima zinabaki chache ambazo hazitoshi kitu, na mtoto hataki zikae bure, basi anaongeza fungu lingine.

Baba yake alitaka kumchapa. Nikamwambia, Baba Ken, huyu ukimpeleka duka la kubeti watamfukuza mlangoni kwa kuwa hajafika miaka 18. Huku aliingia na hakuna aliyemuuliza umri.

Mkaazi_Rongai
Mimi nalipia pasi ya msimu. Bei naiona, zawadi zote naziona zimepangwa, nacheza mpaka nazifikia. Sijuti hata kidogo. Tusichanganye hiyo na hizi spini.

MlindaLango_Umoja
Kabisa. Na pole sana Mama Wawili.

Hesabu_Tu
Nafundisha hesabu shule ya sekondari hapa Eastlands. Wanafunzi wangu wanaamini kwamba zawadi yenye nafasi ya asilimia 1 lazima itoke ukifungua masanduku 100. Siku moja niliacha somo la siku hiyo nikaifanya ubaoni, kwa sababu hiyo waliitaka kuliko logarithimu.

Kila sanduku lina nafasi 99 kati ya 100 za kukunyima. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 100. Jibu ni kama 0.37. Maana yake, wakija watu 100 na kila mmoja akafungua masanduku 100, takriban 37 wataondoka mikono mitupu. Hao 37 huwasikii. Unayemsikia ni yule aliyepata kwenye sanduku la pili, akapiga picha ya skrini na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Darasa zima linajua aliyeshinda ni nani, na hakuna anayejua waliokosa ni wangapi.

Gemu nyingine zimeweka ukomo. Chukua Genshin Impact, gemu ya kukusanya wahusika kwa kuvuta, yaani kubahatisha mmoja mmoja: nafasi ya kumpata mhusika wa nyota 5, daraja la juu kabisa, ni asilimia 0.6 kila unapovuta, lakini ukifika mvuto wa 90 unapewa kwa lazima. Kijana mmoja aliniambia hiyo ni huruma. Nikamwambia asome vizuri. Huyo wa nyota 5 anaweza asiwe yule aliyetangazwa, yule uliyemtaka. Ukikosa, anayefuata ndiye atakuwa wako kwa uhakika. Kwa hiyo anayetaka kumtia mkononi bila shaka yoyote, apange bajeti ya mivuto 180. Kijana alinyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Na msidhani asilimia hizo zimewekwa wazi kwa ukarimu. China ililazimisha kampuni zizitangaze kuanzia Mei 2017, na Desemba mwaka huohuo Apple ikaweka sharti hilo kwa gemu za dukani kwake. Zitafuteni kabla ya kulipa, huwa zimejificha nyuma ya kialama kidogo pembeni.

Kamera_Gikomba
Nyinyi mnalia sana. Mimi nanunua beli la mitumba likiwa limefungwa, nalipa maelfu bila kuona hata kifungo. Kuna siku ni kamera tupu, yaani nguo za daraja la kwanza, kuna siku ni matambara. Mbona mimi hamniiti mcheza kamari?

MlindaLango_Umoja
Kaka, beli likiwa baya unamwaga chini na kuuza kumikumi, angalau unapata nauli ya kurudi. Kipa wa akiba aliyetoka kwenye paki yangu nitamuuzia nani? Hata akaunti yenyewe, soma masharti, si mali yako. Tena beli moja linakuchukua siku nzima. Hakuna anayekufungulia mabeli 40 kwa dakika kumi huku anakupigia fataki.

Kamera_Gikomba
Hapo kwa fataki umenishika.

Nilibeti_Zamani
Naomba niseme kitu kuhusu hizo fataki, maana nilikuwa mtu wa kubeti na ninaijua ile hali kutoka ndani.

Watu wanadhani kinachonasa ni kushinda. Hapana. Kinachonasa ni kale kamuda kabla hujajua. Kwenye mechi unangoja dakika 90, unapata nafasi ya kwenda msalani, kula, kupigiwa simu na mwenye nyumba. Ile kamari ya kindege kinachopaa kwenye simu ikafupisha kungoja kukawa sekunde. Nilipoacha kubeti nikasema nipumzike na gemu ya mpira kwenye simu, na pale kwenye paki nikakutana na kamuda kalekale: giza kidogo, mwanga unatokea, bendera ya nchi, nafasi anayocheza, klabu, halafu uso. Wamekakata vipande vipande ili ukitafune polepole. Ikiwa bendera ni ya Brazil moyo tayari unadunda, kumbe ni beki wa kulia usiyemjua.

Tofauti niliyoiona ni hii. Nilipokuwa nabeti, mke wangu alijua ni kamari, wenzangu kazini walijua, hata mimi nilijua. Kuna mtu alinikemea. Nilipokuwa nafungua paki nilionekana nacheza gemu tu, na nikiulizwa nilijibu "nanunua mchezaji." Mwaka 2018 serikali ilizikusanya zile mashine za kamari za vibandani ikazichoma hadharani, na wazazi wengi mitaani tulipiga makofi. Hii ya kwenye simu haina chuma cha kuchoma.

Wakili_wa_Mtaa
Nchi nyingine zimeshagombana na jambo hili miaka mingi. Japani mwaka 2012 ilipiga marufuku aina moja, ile ya kukusanya vipande vya kubahatisha mpaka upate seti nzima ndipo upewe zawadi kubwa. Mwishoni mwa 2017 wachezaji waliiasi gemu ya Star Wars Battlefront II ya kampuni ya EA kwa sababu ya masanduku yake, hadi kampuni ikasimamisha mauzo hayo saa chache kabla ya gemu kuingia madukani. Mwaka uliofuata Ubelgiji ikaamua kwamba masanduku ya kulipia ni kamari, na kampuni kadhaa zikayaondoa huko.

Uholanzi ndiyo kesi ya kusoma kwa makini. Msimamizi wa kamari aliipiga EA faini ya euro milioni 10 kwa ajili ya paki za gemu yake ya mpira, FIFA. Machi 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta. Hoja yake: paki si mchezo unaojitegemea, ni sehemu ya gemu kubwa ambayo inategemea ustadi. Uingereza nayo ilikwama kwingine. Sheria yao inataka zawadi iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa, na kadi usiyoweza kuiuza kihalali haiingii hapo. Oneni kichekesho: kule kutolipwa chochote ndiko kunakoiokoa kampuni isiitwe ya kamari.

Marekani wamepitia mlango wa ulinzi wa mnunuzi. Januari 2025 tume yao ya biashara, FTC, ilikubaliana na mtengenezaji wa Genshin Impact alipe dola milioni 20 na asiwauzie masanduku hayo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Australia tangu Septemba 2024 gemu mpya zenye masanduku ya kulipia zinapewa angalau daraja linalopendekezwa kwa wenye miaka 15 na zaidi.

Kwetu Kenya, sheria mpya ya kamari ilitiwa saini Agosti 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Imeweka dau la chini la shilingi 20 na mamlaka mpya ya usimamizi. Kwa maoni yangu hoja ya kwenda nayo kwa wabunge siyo "hii ni kamari au siyo," tutabishana mpaka kuche kama Waholanzi. Twende na madai mawili: bei ionekane kwa shilingi kila spini, na mtoto asiuziwe bila mzazi kujua.

Binti_Mivuto
Mimi ni wa hizo gemu za kuvuta wahusika na sijawahi kutoa hata shilingi. Nakusanya mivuto ya bure. Lakini msifikiri nimeponyoka. Kila siku lazima niingie, hata nikiwa kwenye matatu Thika Road nimesimama, kwa sababu ukikosa siku moja zawadi za mfululizo zinakatika. Mhusika ana saa inayohesabu kurudi nyuma, "siku tatu zimebaki." Hawajapata pesa yangu, wamepata asubuhi zangu zote. Na ukweli ni kwamba anayelipa anahitaji watu kama mimi wa kumwonyesha alichopata.

Fundi_Luthuli
Mama Wawili, natengeneza simu mjini, kesi kama yako naletewa sana. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, nenda kwenye mipangilio, utafute sehemu ya ununuzi, uweke simu idai uthibitisho kwa kila ununuzi. Usiache ile ya mara moja kwa dakika 30, hiyo dakika 30 kwa mtoto ni nyingi mno. Kisha ingia kwenye njia za malipo uone ni zipi zimeunganishwa, maana hata salio la maongezi linaweza kuwa limefungwa hapo bila wewe kujua. Na badilisha hiyo namba ya siri leo. Kwa wenye PlayStation, mtengenezeeni mtoto akaunti ya mtoto, ina kikomo cha matumizi ya mwezi na unaweza kukiacha sifuri.

Mama_Wawili
Asante sana mwanangu. Na zilizokwisha kwenda, zinarudi?

Fundi_Luthuli
Ombi la kurudishiwa kwa Google lina nafasi nzuri ndani ya saa 48 tangu ununue. Zikipita, unawaandikia wenye gemu wenyewe, ukieleza kwamba aliyenunua ni mtoto, uambatishe namba za oda zilizo kwenye barua pepe. Waandikie hata kama hutarajii.

Mama_Wawili
Nimewaandikia, wamenijibu kwamba wameipokea barua. Namba ya siri nimebadilisha. Jana kijana kaniuliza kama anaweza kuosha vyombo wiki nzima alipwe kwa daimondi. Nimemwambia katika nyumba hii tunalipa kwa shilingi, na zile alizotumia anaanza kuzilipa yeye kwanza.