Njia ya dunia hubadilika polepole. Kwa nini basi tabianchi ya kale iliruka ghafla?

Kaskazi ameuliza:

Ndugu zangu, kuna jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za enzi ya barafu, nami naomba mwenye ujuzi anifafanulie. Tunafundishwa kwamba enzi hizo zilikuja na kuondoka kutokana na mabadiliko madogo ya njia ya dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wa mhimili wake, mabadiliko ambayo Milutin Milanković aliyakokotoa na ambayo huchukua makumi ya maelfu ya miaka kukamilika. Hilo nalielewa. Lakini barafu iliyochimbwa Greenland hadi kina cha zaidi ya mita 3,000 inasimulia habari nyingine. Kipindi cha baridi kiitwacho Younger Dryas, kilichoanza takriban miaka 12,900 iliyopita, kilikoma takriban miaka 11,700 iliyopita, na joto la Greenland likapanda kiasi cha nyuzi 10 za Selsiasi katika miongo michache tu. Kabla ya hapo, ndani ya enzi ya barafu yenyewe, joto lilipanda ghafla kwa namna hiyo zaidi ya mara 20, katika matukio yaliyopewa majina ya Willi Dansgaard na Hans Oeschger.

Jua halikubadilika kwa kasi hiyo, wala njia ya dunia. Wengi huitaja bahari. Je, kweli bahari ina uwezo huo? Na tunajuaje kwamba mikondo ilibadilika, ilhali maji yakishapita hayaachi nyayo?

Kina Kirefu amejibu:

Uwezo huo inao, na siri yake ni chumvi.

Katika Bahari ya Atlantiki, maji ya juu yenye joto na chumvi nyingi husafiri kutoka tropiki kwenda kaskazini. Yakifika karibu na Greenland na Iceland hupoteza joto lake hewani, huwa mazito, huzama, kisha hurudi kusini yakiwa kilindini. Vipimo vinavyochukuliwa tangu 2004 kwenye latitudo ya nyuzi 26 kaskazini vinaonyesha kwamba mzunguko huu hubeba takriban mita za ujazo milioni 17 za maji kila sekunde. Joto linalosafirishwa nayo ni jingi mno, na ndilo linaloifanya Atlantiki ya kaskazini iwe na joto kuliko sehemu nyingine za bahari zilizo katika latitudo hiyohiyo.

Sasa fikiria maji baridi yasiyo na chumvi, kama yale yanayotoka kwenye barafu inayoyeyuka, yakimwagika mahali pale pa kuzamia. Maji ya juu huwa mepesi na kuzama kwake hupungua. Kuzama kukipungua, mkondo wa kutoka tropiki hudhoofika, na kwa kuwa mkondo huohuo ndio unaoleta chumvi, chumvi nayo hupungua, na kuzama kukazidi kuwa kugumu. Udhaifu huzaa udhaifu zaidi. Mwaka 1961 Henry Stommel alionyesha kwa hesabu ya masanduku mawili tu ya maji kwamba mfumo wa namna hii unaweza kuwa na hali mbili tulivu chini ya mazingira yaleyale, na kwamba msukumo mdogo kwenye ukingo unatosha kuutoa katika hali moja na kuutumbukiza katika nyingine. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako: chanzo kinaweza kwenda polepole kwa maelfu ya miaka, lakini mfumo unaokipokea ukafika ukingoni na kuruka.

Msoma Tope amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Kina Kirefu. Naomba nijibu sehemu ya pili, kwa maana Kaskazi ameuliza swali zito: nyayo ziko wapi?

Ziko kwenye tope la sakafu ya bahari. Mwaka 1988 Hartmut Heinrich alieleza tabaka za tope la Atlantiki ya kaskazini zilizojaa punje za mawe ambazo hakuna mkondo ungeweza kuzibeba umbali ule. Zilichukuliwa na siwa za barafu zilizomeguka kutoka bara, nyingi zikitokea upande wa Hudson Bay huko Kanada, zikaelea mashariki na kudondosha mawe kadiri zilivyoyeyuka. Kwa hiyo tunajua kwamba maji baridi yasiyo na chumvi yalimwagika baharini kwa wingi, tena zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, mawe hayasemi kama mzunguko wenyewe ulipungua. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa elementi mbili, thoriamu na protaktiniamu. Zote mbili huzaliwa ndani ya maji ya bahari kutokana na uraniamu, ambayo imeenea baharini karibu kwa usawa, na kwa hiyo huzalishwa kila mahali kwa uwiano uleule: protaktiniamu 0.093 kwa thoriamu 1. Thoriamu hunata upesi kwenye chembe zinazozama, ikazikwa karibu na pale ilipozaliwa. Protaktiniamu hukaa majini muda mrefu zaidi, hivyo mzunguko ukiwa na nguvu huichukua sehemu kubwa na kuipeleka kusini kabla haijatua. Tope la Atlantiki ya kaskazini likiwa na upungufu wa protaktiniamu, maana yake maji yalikuwa yakisafiri. Upungufu huo ukitoweka na uwiano ukasogea hadi karibu 0.093, maana yake maji yalikuwa karibu yamesimama.

Jerry McManus na wenzake walipima tope kutoka Bermuda Rise, mwinuko wa sakafu ya Atlantiki karibu na visiwa vya Bermuda, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Kuanzia takriban miaka 17,500 iliyopita, wakati wa mojawapo ya matukio ya Heinrich, yaani vipindi hivyo vya kumeguka kwa siwa za barafu, uwiano ulipanda hadi kukaribia kabisa kiwango hicho. Katika Younger Dryas ulipanda pia, lakini haukufika huko: mzunguko ulidhoofika bila kukoma. Tofauti hii ni muhimu, na nasikitika kwamba mara nyingi matukio haya mawili husimuliwa kama jambo moja.

Kaskazi ameandika:

Nimeelewa vizuri sana, ahsanteni. Limebaki moja. Mzunguko ulipodhoofika, dunia nzima ilipoa, au ni kaskazini peke yake?

Kusi amejibu:

Kaskazini ndiko kulikopoa, Kaskazi. Joto ambalo halikupelekwa huko halikupotea, lilibaki kusini. Barafu ya Antaktika inaonyesha bara hilo likipata joto pole pole wakati Greenland iko baridini, na likianza kupoa baada ya Greenland kupata joto. Barafu iliyochimbwa Antaktika ya magharibi ilitoa kipimo kizuri mwaka 2015: kusini hufuata kaskazini kwa kuchelewa takriban miaka 200, muda ambao unalingana na mwendo wa bahari kuliko ule wa upepo.

Mvua nazo zilihama. Kizio cha kaskazini kilipopoa, ukanda wa mvua wa tropiki ulisogea kusini na monsuni za Asia zikadhoofika. Ukame wa wakati wa tukio lile la Heinrich ulienea katika sehemu kubwa ya Afrika pia, na tope la Ziwa Victoria linaonyesha kwamba ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 17,000 iliyopita.

Ningependa tu tusiipe bahari kazi isiyo yake. Enzi ya barafu haikumalizwa na mikondo peke yake. Njia ya dunia ilianza kuongeza joto la kiangazi kaskazini, barafu ikayeyuka, mzunguko ukavurugika, kusini kukapata joto, na maji ya kilindi yaliyozunguka Antaktika yakaachia kabonidayoksaidi yaliyokuwa yameihifadhi. Kati ya miaka 18,000 na 11,000 iliyopita gesi hiyo hewani ilipanda kutoka sehemu takriban 190 kwa milioni hadi takriban 265, na ni ongezeko hilo lililosambaza joto katika vizio vyote viwili. Bila hiyo, mikondo ingehamisha joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine, lakini isingeweza kuipasha dunia yote.