Mnatuuzia Husuni Kubwa kwenye tangazo, tukifika Kilwa mnatukimbiza!

Wakuu, nimekwazika, mnivumilie.

Tangazo la safari lilikuwa na picha ya lile bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, jumba la kale la Kilwa Kisiwani, na ndilo lililotutoa hela. Asubuhi pale Kilwa Masoko, badala ya kuvuka mapema, ikawa chai isiyoisha, mara tumsubiri fulani, mara picha ya kundi. Kisiwani tukaanzia Gereza (ile ngome ya kale) na Msikiti Mkuu (pazuri, sibishi), muda ukaishia huko. Ghafla tunaambiwa maji yanakupwa, mashua itakwama, fanyeni haraka! Hivi mtu anayekula kwa kuvusha wageni hajui kwamba siku hiyo ni bamvua, maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida?

Husuni Kubwa iko mbali na magofu mengine, upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Ni jumba la vyumba zaidi ya mia, la mawe ya matumbawe, alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Tumefika tunahema, tukapewa muda wa kuvuta sigara moja. Ngazi za kushukia baharini sikuziona kabisa.

Kilichonimaliza ni mtembezaji waliyekuja naye kutoka Dar. Anatamka bila aibu kwamba jumba limejengwa na Wareno! Wareno wameivamia Kilwa mwaka 1505. Msafiri Ibn Battuta alishapita hapo mwaka 1331 na kumkuta Sultani huyohuyo. Watu wazima wanaandika kwenye simu zao, wengine wameshaweka status. Kijana mmoja wa kisiwani akacheka, akasema taratibu, "Ya Wareno ni kule Gereza, kaka." Sasa kwa nini kazi hakupewa yeye?

Wakati huo abiria wenzangu wamesimama juu ya kingo za bwawa wanapiga selfi, chokaa inapukutika chini ya raba zao, na mtembezaji anawahesabia moja, mbili, tatu. Magofu haya yametolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014 tu, jamani!

Nimedai nirudishiwe japo nusu. Jibu: "Bahari haina ratiba, bosi." Ina ratiba! Wavuvi wote wa Kilwa wanayo kichwani.

Anayemfahamu nahodha wa uhakika na mtembezaji mzawa wa Kisiwani aje PM. Narudi kwa hela yangu, na naanzia Husuni Kubwa.