Mjane wa Beirut na walinzi wa Sultani

Rehema: Asalaam aleikum wana familia, shikamooni wakubwa. Leo off yangu nimeteremka mjini mpaka msikiti wa Al-Omari, uko katikati ya Beirut hapa, picha hizo. Nimekuja na mwenzangu wa Kisumu ananambia ati huu zamani ulikuwa kanisa, nkamwambia wacha mchezo

Shangazi Mwanaidi: Waalaikum salaam, marahaba mwanangu. Nguzo nzuri mashaallah. Ushakula lakini?

Rehema: Nshakula shangazi 😂

Hamisi: Mwenzako hakukosea. Lilikuwa kanisa la Mtakatifu Yohana, walijenga wale watu wa Vita vya Msalaba, Wakristo wa Ulaya, karne ya 12, likawa msikiti 1291 Wamamluk, watawala Waislamu wa Misri, walipouchukua mji. Na kabla ya hapo mji mzima huo ulikuwa na mwenyewe, mwanamke, na mjane juu

Zuhura: mwalimu ashaanza. wenye bando kaeni mkao wa kula

Shangazi Mwanaidi: Muache aseme. Mjane nani?

Hamisi: Isabella wa Ibelin. Hao Ibelin walikuwa ukoo mkubwa kuliko hata wafalme wao. Baba yake alikuwa bwana wa Beirut akafa 1264, hakuacha mtoto wa kiume, mkubwa ndo huyu Isabella na ana miaka 12 tu, basi mji ukawa wake, na ngome na bandari na ushuru wake wote

Mjomba Salim: Miaka 12 anaongoza mji??

Hamisi: Mjomba jina ndo lake, kuongoza ni maneno mengine. Alafu hata hiyo mali yenyewe ilishaanza kupukutika. Baba yake alienda kuvamia Waturukimani, makabila ya Kituruki, 1261, wakampiga wakamkamata yeye, ikabidi akombolewe kwa bezanti 20,000, sarafu za dhahabu hizo. Watu wale walikuwa wanaishi kwa jina, ufalme waliuita wa Yerusalemu na Yerusalemu yenyewe ilishawatoka tangu 1244, makao yao yako mji wa Acre, wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa pwani

Rehema: Sasa hiyo ngome yake iko wapi mbona sioni

Hamisi: Ilivunjwa dada, ntafika huko. Ilikuwa upande wa bandarini. Kuna padri mmoja Mjerumani Wilbrand wa Oldenburg alipita hapo 1211 akaandika habari za jumba lao, anasema sakafu ya ukumbi ilikuwa ya marumaru, imetengenezwa ionekane kama maji yanayopeperushwa na upepo, ukitembea juu yake unashangaa mbona huachi nyayo kwenye mchanga wa chini, na katikati bwawa lenye sanamu ya joka linatema maji

Zuhura: heee

Shangazi Mwanaidi: Watu walikula dunia. Na mafundi wa kufanya hivo aliwatoa wapi

Hamisi: Hao hao wa pale, shangazi, huyo Wilbrand anasema Washami, Waislamu na Wagiriki wanashindana nani fundi zaidi

Shangazi Mwanaidi: Haya rudi kwa mtoto wa watu

Hamisi: Ehe. Kwanza akaozeshwa mfalme wa Saiprasi, Hugh wa Pili, nae mtoto tu, akafa Desemba 1267 hajafika hata miaka 15. Ndoa haikuwahi kuwa ndoa. Sasa hapo pana msichana wa miaka 15, mjane wa mfalme, ana mji wenye bandari. Kila mtu anamtaka

Mjomba Salim: Anamtaka yeye au wanataka bandari

Hamisi: Mjomba umelisema wewe. Na sheria yao ilikuwa hivi, sikilizeni vizuri maana hapa ndo kisa kizima. Mwanamke akirithi ardhi ambayo mwenye nayo anatakiwa atoe askari kwa mfalme, mfalme ana haki kumuita aolewe, kwa vile atakaeleta hao askari ni mume. Anapewa majina ya wanaume watatu wa hadhi yake, achague mmoja. Akikataa ananyang'anywa ardhi mwaka na siku moja. Mjane anaachwa akae mwaka na siku wa msiba ndo anaanza kusumbuliwa. Hiyo simu haikatiki mpaka afike miaka 60

Zuhura: SITINI 😭

Shangazi Mwanaidi: Ati wanaume watatu, umewekewa sahani tatu zote kiporo na unaambiwa lazima ule

Rehema: 😂😂😂 shangaziii

Hamisi: Sasa huyo binti hakuolewa haraka. Waandishi wa baadae wakamvumishia uhusiano na Julian wa Sidoni, huyo alikuwa mcheza kamari mkubwa, madeni mpaka mji wake wa Sidoni akawaachia Templari, watawa wapiganaji, 1260. Mimi hilo la Julian silishiki kabisa, mjane mwenye mali akichelewa kuolewa lazima atengenezewe kashfa

Shangazi Mwanaidi: Hilo halina hata mjadala

Mjomba Salim: Hamisi unamtetea sana. Panapofuka moshi

Hamisi: Mjomba subiri nimalize, sifa zake ziko mbele. Angalia miaka yenyewe kwanza. Kule Misri ametawala Sultan Baibars, tangu 1260 baada ya kuwapiga Wamongolia kwenye vita ya Ain Jalut. Akaanza kuzichukua ngome za Wafaranga, ndo hao hao watu wa Vita vya Msalaba, moja moja. 1265 Kaisaria na Arsuf, 1266 Safed, 1268 Yafa alafu Antiokia mwaka huo huo, tena Antiokia ilikuwa miaka 170 mikononi mwao. Beirut iko hapo hapo kati, milima nyuma bahari mbele. Wewe ni binti wa miaka 17, mfalme wako yuko Saiprasi, askari huna wa kutosha. Unafanya nini?

Zuhura: napanda jahazi naenda zangu

Mjomba Salim: Unaomba msaada kwa wenzio

Hamisi: Wenzio ndo hao wanaotaka kukuoza. Alichofanya, Mei 1269 akaingia mkataba wake mwenyewe na Baibars, wa miaka 10. Sio mkataba wa ufalme, wa Beirut na vijiji vyake tu. Wafanyabiashara na wasafiri wa pande zote waende na warudi salama, nae asimruhusu Mfaranga yeyote adui wa Sultani kupitia kwenye ardhi yake kwenda kumshambulia. Maandishi yake yapo mpaka leo kwa Kiarabu, yule katibu wa Misri Al-Qalqashandi ndo aliyaweka kwenye vitabu vyake

Mjomba Salim: Sasa huo si usaliti? Watu wa dini yake wanauawa Antiokia mwaka jana yake, yeye anapeana mkono na aliyewaua. Na Baibars nae hakuwa mjinga, aliwatenganisha mmoja mmoja ili awale taratibu. Mimi nngekuwa Baibars nngefanya hivo hivo

Hamisi: Kwa Baibars nakubali kabisa mjomba, alikuwa anawagawa. Ila sio peke yake alieandikiana nae, Mahospitali, watawa wapiganaji wengine, nao walikuwa na mkataba, mji wa Tiro nao. Ukimuita msaliti yeye uwaite wote, na hao wanaume hakuna aliewaita hivo

Shangazi Mwanaidi: Aaah hapo shemeji Salim umekamatika

Mjomba Salim: Sijakamatika shemeji, nasubiri mwisho

Hamisi: Mwisho ndo mtamu. 1272 akaolewa. Akamchukua Muingereza, Hamo le Strange, bwana wa mipakani mwa Wales huko aliyekuja na Edward mtoto wa mfalme wa Uingereza kwenye vita ya mwisho mwisho. Hana ukoo pale, hana mizizi, kwa hiyo hana wa kumsemea. Mwaka wa pili huyu bwana akaugua akafa. Lakini kabla ya kukata roho alifanya jambo, akamkabidhi mkewe na mji wa Beirut kwa Sultan Baibars awalinde

Rehema: Mume Mkristo anausia mke wake kwa Sultani Muislamu?? Na wako vitani?

Hamisi: Ndio. Maana alijua akifumba macho tu nani atakuja mlangoni, na sio Baibars

Shangazi Mwanaidi: Mashemeji

Hamisi: Mfalme Hugh wa Tatu wa Saiprasi, ambae sasa alijiita pia mfalme wa Yerusalemu. Na huyu ndo aliekuwa msimamizi wa yule mfalme mdogo, mume wake wa kwanza, ndo akarithi kiti chake. Kweli akaja, akamchukua Isabella kwa nguvu akampeleka Saiprasi ili amuoze kwa mtu wake anaemtaka yeye

Zuhura: alimteka???

Hamisi: Alimteka. Kwa sheria ya kwao anasema ana haki. Baibars akatuma ujumbe, huyu bibi tuna mkataba mimi na yeye, na mumewe alikuwa akisafiri ananiachia mimi amana, mrudisheni. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya mabwana kule Acre, na Templari wakasimama upande wa Sultani, wakaamua bibi arudishwe. Mfalme akashindwa kesi kwenye mahakama yake mwenyewe!

Shangazi Mwanaidi: Allahu akbar 👏👏

Hamisi: Akarudi Beirut na walinzi wa Wamamluk wakawekwa pale mjini kumlinda. Yaani fikirini, ngome ya Wapiganaji wa Msalaba, kanisa hilo alilosimama Rehema liko hapo, na mlangoni wamesimama askari wa Sultani wa Misri kuzuia mfalme wa Wakristo asimchukue mwanamke wa Kikristo. Mimi katika historia yote ya vita vile sijaona kitu kinanifurahisha kama hiki

Mjomba Salim: Kinafurahisha, ila Hamisi mwanangu bado sijahama. Huo ulinzi una bei. Askari wa jirani wakishaingia kwako kukulinda, kutoka kwao huwa majaaliwa. Alipata amani yake mwenyewe lakini aliwaonyesha njia ya mjini

Hamisi: Njia walikuwa wanaijua mjomba, ile ni bandari sio pango 😂. Alafu yeye hakuwa wa kuokoa ufalme. Mfalme mwenyewe 1276 alikasirika na Acre akafunga virago akarudi zake Saiprasi. Sasa kama mfalme kaondoka, binti wa watu abaki kufia nini?

Shangazi Mwanaidi: Akaolewa tena?

Hamisi: Baibars alikufa 1277, ulinzi ukawa hauna mwenyewe. Akaolewa na Nicholas l'Aleman, bwana wa Kaisaria, na Kaisaria yenyewe ilishabomolewa na Baibars miaka 12 nyuma, kwa hiyo bwana wa magofu. Huyo nae akafa, akaja wa nne, William wa ukoo wa Barlais, ukoo ambao zamani ulipigana na babu zake Isabella kufa na kupona. Isabella mwenyewe akafa 1282

Rehema: Kwa hiyo alikuwa na miaka mingapi

Hamisi: Kama 30

Zuhura: waume wanne, amekufa 30. na hajafika hata nusu ya ile sitini

Shangazi Mwanaidi: Innalillahi. Na watoto?

Hamisi: Hakuacha mtoto. Beirut ikaenda kwa mdogo wake Eschiva

Mjomba Salim: Na huyo Eschiva ndo aliupoteza mji?

Hamisi: Alifuata nyayo za dada yake, nae alikuwa na mkataba na Misri. Acre ilipoanguka Mei 1291 watu wa Beirut walikaa wametulia, wanajua wao wako kwenye amani. Mwezi wa 7 akaja amiri mmoja Shujai, akawaita wakubwa wa ngome waje kuonana nae, walipofika akawafunga. Basi. Waliobaki wakakimbilia majini. Kuta na ngome vikavunjwa Rehema ndo maana huvioni, na kanisa likawa msikiti

Mjomba Salim: Nilisema au sikusema

Hamisi: Ulisema mjomba. Ila miaka 22 tangu mkataba wa kwanza, mji ulikaa. Wenzao walioshika panga, Antiokia haikumaliza hata wiki

Shangazi Mwanaidi: Mimi nauliza huyo mdogo mtu. Aliuawa?

Hamisi: Hapana, aliishi Saiprasi mpaka 1312. Na hakukaa kimya. Mama yao alikuwa binti wa mtawala wa Athens, kule Ugiriki, sasa mtawala wa mwisho wa ukoo huo alipokufa 1308 bila mtoto, Eschiva bibi mtu mzima akafunga safari mpaka Ugiriki kudai Athens ni yake

Zuhura: kesi ya mirathi tena 😭😭

Hamisi: Akashindwa, akapewa binamu yake, Walter wa Brienne. Huyo Walter nae 1311 akauawa vitani na askari wa kukodi aliowaleta mwenyewe alafu akagoma kuwalipa, na Athens ikachukuliwa na hao hao

Shangazi Mwanaidi: Eschiva alikuwa bado hai wakati huo?

Hamisi: Hai kabisa, mwaka mzima zaidi

Shangazi Mwanaidi: Ahaa. Alipata habari basi 😌