Nani aliwadanganya gari oto ya dizeli ni D na Eco peke yake? Nimechoka!

Wadau mnisamehe, uzi ni mrefu lakini nina hasira na lazima niseme. Miaka yote hii tunanunua hizi dizeli oto za mtumba kutoka Japani, na ukiuliza mtu hizo modi zingine ni za nini jibu ni lile lile, "weka D, washa Eco, usiguse kitu ingine." Yaani D, gari ijibadilishie gia yenyewe, na Eco, kitufe cha kuokoa mafuta. Muuzaji wa yadi aliniambia hivyo. Fundi akaniambia hivyo. Jamaa wa grupu ya WhatsApp wakaniambia hivyo, na mmoja akaongeza ati M, ile ya kubadilisha gia mwenyewe, inaua gia boksi. Nikawaamini wote mwaka mzima, na wiki mbili zilizopita nusura nimalize familia yangu kwa mteremko wa Mai Mahiu.

Tulikuwa tunaenda harusi Narok, watu watano ndani na mizigo nyuma imejaa. Kutoka Rironi hakuna shida. Kuanza kuteremka nikajipata nyuma ya malori mawili yanashuka pole pole vile yanafaa, mimi niko D, kile kitaa cha kijani cha Eco kimewaka, na kwa Eco gia boksi hukimbilia gia ya juu, kwa hivyo niko gia ya 5 gari inateleza tu, mshale wa mizunguko ya injini uko 1,300, injini haishiki kitu na kazi yote inafanywa na breki. Mguu haukutoka kwa breki karibu dakika kumi. Mamangu huniita baba kwa sababu nina jina la babake, akaniuliza, "Baba, ni nini inaungua?" Nikamwambia ni lori ya mbele. Haikuwa lori. Pedeli ilikuwa imeanza kuzama, unakanyaga inaenda chini kuliko kawaida na gari haipungui, na kando yako ni bonde lote la Ufa limefunguka.

Sijui ni nini ilinisukuma nivute leva upande wa M. Nikagonga kwenye alama ya kutoa mara mbili ikaingia ya 3, nikagonga tena ikaingia ya 2, injini ikapanda hadi 3,000 na sauti ikajaa ndani ya gari, na papo hapo gari ikashikwa kama mtu ameifunga kamba kwa nyuma. Tukashuka hivyo hadi karibu na ile kanisa ndogo ya Waitaliano ya 1942, nikaegesha. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Kijana wa boda akaja mbio na mtungi wa maji amwagie, mzee mmoja dereva wa lori aliyekuwa amesimama hapo akamzuia, akamwambia ukimwaga maji baridi hiyo diski ya breki itapinda, wacha ipoe na upepo. Halafu akanigeukia, "Kijana, wewe unashuka na breki? Shuka na gia. Ile gia ungepandia hapa ndiyo unashukia."

Mzee hanijui, hakuniuzia gari, na kwa sentensi mbili amenifunza kitu muuzaji aliyekula pesa yangu hakunifunza. Hapo ndipo hasira yangu ilianzia.

Sasa sikilizeni vizuri wale mnasema dizeli ni injini ngumu itajishikilia yenyewe. Ni kinyume kabisa. Injini ya petroli ukiachilia mafuta ule mlango wa hewa unafungwa, injini inavuta hewa kwa shida, na hiyo shida ndiyo inakupunguzia mwendo. Dizeli nyingi hazifungi hewa hivyo, kwa hivyo kwa gia ya juu haikushikii karibu kitu. Yaani mwenye dizeli ndiye anahitaji M ama L, ile ya gia za chini, zaidi ya mwenye petroli! Na gia boksi haiharibiki, kuna kompyuta hapo, ukiitisha gia ambayo ingezungusha injini kupita kiasi inakataa tu. Na wale wa "weka N ukishuka usave mafuta", yaani gari iteleze bila gia, tafadhali wacheni, mtaua watu. Gari za siku hizi ukiachilia pedeli ikiwa ndani ya gia injini inakata mafuta kabisa. Ukiweka N ndiyo inachoma, kwa sababu lazima ijilishe isizimike. Huokoi hata tone na umebaki na breki pekee.

Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili ilinikuta hapa hapa mjini na imenikula pesa.

Mimi natoka Buruburu kwenda Upper Hill, kilomita tisa hivi, na asubuhi ya Jogoo Road hiyo ni saa nzima. Kila siku Eco, kwa sababu niliambiwa ndiyo inaokoa. Dizeli za kisasa ziko na filta ya masizi kwa ekzosi, na hiyo filta hujisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto la digrii kama 600, kitu ambacho kinataka mwendo wa sawa sawa dakika 15 ama 20 bila kusimama simama. Jam peke yake tayari ni adui, hata Normal haingeniokoa Jogoo Road, hilo nakubali. Lakini Eco inaongezea, inabadilisha gia mapema, injini inajikokota kwa 1,200, ekzosi haipati moto. Kuna siku nilikuwa nafika kazini nasikia feni inanguruma, injini iko juu kidogo kuliko kawaida, na harufu fulani ya moto, mimi nazima naenda zangu. Kumbe ndiyo ilikuwa katikati ya kujisafisha na mimi naikatiza! Si mara moja, mara nyingi. Na kila ukikatiza, ile dizeli ya ziada inayorushwa ili ilete moto inateremka kwa oili. Nilikuja kuvuta kijiti cha oili nikapata imepanda juu ya alama, na hakuna mtu ameongeza oili.

Taa ikawaka, gari ikakataa nguvu, fundi akaniambia dawa ni kutoboa filta isichuje tena, shilingi 35,000, "boss hizi vitu ni za Japani, hazijazoea dizeli yetu." Ni kweli dizeli yetu ilishushwa hadi salfa 50 kwa milioni mwaka wa 2015 na ya Japani ni 10, lakini hiyo si sababu ya kutoboa filta kabla hata hujamuuliza mtu anaendesha vipi! Nilikataa. Fundi mwingine akaisafisha kwa mashine, akabadilisha oili, akaniambia mara moja kwa wiki nipande Expressway usiku, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa 80, nitoe Eco nishike gia chini kidogo mshale ukae 2,000 na kitu. Tangu hapo taa haijarudi.

Na Sport, ile modi ya kuchelewa kupandisha gia, pia mnaiogopa bure. Kwa dizeli haikupi nguvu mpya, nguvu yake iko 1,500 hadi 2,500, kuivuta hadi 4,000 ni kelele tu. Lakini ukitaka kupita lori kwa kupanda, Eco ndiyo hatari. Turbo, ile ya kusukumia injini hewa, imelala, unakanyaga, unangoja, na basi linakuja mbele. Toa Eco kabla hujaingia upande wa wenzako. Na ukipanda kurudi Rironi gari imejaa, D inaruka ya 4, ya 5, ya 4, ya 5 na mafuta ya gia boksi yanapata moto, shika ya 4 kwa M utulie.

Mengi ya haya huwa kwa kitabu cha gari. Ndiyo, kitabu nilipewa. Cha Kijapani, kurasa zaidi ya 400, pamoja na ile sauti ya mama wa Kijapani inayoongea kila nikiwasha gari. Nilimuuliza yule wa yadi siku ya kulipa, nikamwonyesha M na kidole, na akaniambia, "hiyo achana nayo mkubwa."

Jumamosi narudi kwake na zile diski mbili za breki zilizogeuka rangi ya bluu siku ile ya Mai Mahiu, niziweke juu ya meza yake. Mwenye ako na kitabu cha Kiingereza cha dizeli yoyote oto akiweke hapa tafadhali, na useme ni ya gari gani na mwaka gani.