Kompyuta ya dukani kwa Shangazi

Shangazi (Ligula): Hamjambo wote. Naomba msaada kabla sijaitupa hii kompyuta. Nimeiwasha saa mbili asubuhi, na hadi saa tatu kasoro robo ndipo barua ya kwanza ilipofunguka, huku karani wa chama cha msingi akiwa amesimama kaunta na flashi yake mkononi. Kijana wa duka la jirani amenishauri niiondoe kabisa programu ya kuzuia virusi, kwani yeye aliiondoa yake na kazi zikawa nyepesi.

Mimi (Masasi): Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Nakuomba usiiondoe kwanza. Duka la kuchapa ni stendi ya flashi, na vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake husafiri kwa flashi hizo hizo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili dirisha la Task Manager lifunguke, kisha uniambie safu ya diski inaonyesha asilimia ngapi na ni programu gani zinazoitumia zaidi.

Shangazi (Ligula): Marahaba mwanangu. Diski iko 100 na haishuki. Juu kuna majina mawili, na yote ni ya programu za kuzuia virusi. Moja ilikuja na kompyuta, nayo kila siku inanidai nilipie leseni iliyokwisha. Nyingine siijui ilikotoka.

Binamu (Newala): Shikamooni. Mama, hiyo ya pili niliiweka mimi nilipokuja sikukuu ya Idi. Nilidhani zikiwa mbili ulinzi utaongezeka.

Baba Mdogo (Mikindani): Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wewe umewafungia kwenye RAM ya GB 4.

Mimi (Masasi): Baba Mdogo anatania, lakini ndivyo ilivyo. Programu ya namna hii husimama kati ya faili na anayelifungua: kila faili linapoguswa, hulisoma kwanza, hulilinganisha na alama za virusi inavyovijua, ndipo huliachia. Zikiwa mbili, barua moja hukaguliwa mara mbili, na pengine ya kwanza inapolisoma faili ili ilikague, ya pili huona kuwa limeguswa na kuanza kazi yake upya. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, huenda usingeyaona haya, lakini diski yako ni ile ya kuzunguka, ambayo vichwa vyake huhama huku na huku kutafuta kila faili. RAM nayo, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya mzigo wake kwenye diski hiyo hiyo iliyokwisha kuelemewa.

Baba Mdogo (Mikindani): Hapo nimekuelewa, ila nina swali. Mbona mchana nikipita dukani naiona ina nafuu, na asubuhi ndiyo inakufa?

Mimi (Masasi): Swali zuri. Shangazi, fungua ile ya Binamu utazame ratiba ya ukaguzi.

Shangazi (Ligula): Imeandikwa kila siku saa nane usiku. Chini yake kuna alama ya tiki kwamba ukaguzi uliokosekana ufanyike mara kompyuta inapowashwa.

Mimi (Masasi): Basi tumempata. Saa nane usiku duka limefungwa na kompyuta imezimwa, kwa hiyo kila asubuhi inaanza kulipa deni la usiku wakati wewe una wateja.

Shangazi (Ligula): Sasa niondoe ipi?

Mimi (Masasi): Zote mbili. Windows 10 ina Microsoft Defender ndani yake, ambayo hujizima inapokuta programu nyingine ya kuzuia virusi inafanya kazi, na hurudi hiyo nyingine ikiondolewa. Windows 10 yenyewe ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo itabidi tulizungumze siku nyingine, lakini Microsoft walieleza kuwa Defender itaendelea kupata alama mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Usifute folda kwa mkono. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, uondoe moja, uzime na kuwasha, ndipo uondoe nyingine.

Shangazi (Ligula): Ya Binamu imetoka. Ile ya leseni imegoma katikati.

Mimi (Masasi): Watengenezaji wengi wana programu ndogo ya kusafisha mabaki. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe tu, maana kwenye tovuti za kuokoteza watu hupakua ugonjwa wakidhani ni dawa. Gharama ya bando ni ya aliyeleta fahali wa pili.

Binamu (Newala): Nimekubali kosa. Nimemtumia Mama GB 1.

Baba Mdogo (Mikindani): Mimi kwangu niliiamuru iruke diski D yote isiikague, na mashine ikapata kasi. Kwa nini naye asifanye hivyo?

Mimi (Masasi): Kwa heshima zote, Baba Mdogo, hapo sikubaliani nawe. Shangazi hunakili kazi za wateja kutoka kwenye flashi na kuziweka D, kwa hiyo kuiruka D ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Afadhali ukaguzi wa kina auanzishe mwenyewe Ijumaa anapofunga kwenda kuswali, hata ukiendelea hadi alasiri.

Shangazi (Ligula): Mabaki yametoka, na Defender imewaka yenyewe. Tutaona kesho.

*Siku iliyofuata*

Shangazi (Ligula): Leo barua imefunguka baada ya dakika nne. Ila karani alipochomeka flashi yake, Defender imetoa onyo kwamba imekamata kitu. Nibonyeze wapi?

Mimi (Masasi): Chagua kukiondoa, usichague kukiruhusu, kisha ikague flashi yote kabla hujafungua chochote. Muulize pia flashi hiyo ilichomekwa wapi mara ya mwisho.

Shangazi (Ligula): Anasema jana alipochoka kunisubiri, alikwenda kuchapia kwa yule kijana wa jirani.