Naomba ushauri: kitambaa cha nyuzi za fedha cha kukinga mawimbi ya sumakuumeme
Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu kuhusu kitambaa cha nailoni iliyopakwa fedha, ambacho nakusudia kukishona kiwe hema dogo la kupimia vifaa vya redio bila kuingiliwa na mawimbi ya nje. Muuzaji anadai kuwa kinapunguza mawimbi kwa desibeli 60, yaani nguvu inayopenya ni sehemu moja tu kati ya milioni, lakini hakutaja ni kwa masafa gani (yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde), na kwa maoni yangu takwimu ya namna hiyo haina uzito.

Linalonisumbua zaidi ni mishono na mlango. Katika masafa ya gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni takribani sentimita 12.5, hivyo hata mwanya mwembamba wenye urefu wa sentimita 6, yaani karibu nusu ya wimbi, unaweza kuvujisha mawimbi mengi. Je, nikunje kingo mara mbili na kuzishona kwa uzi unaopitisha umeme, au gambatepu yenye uwezo huo inatosha? Na mlango niufunge kwa zipu ya chuma, au niupishanishe na kuubana kwa sumaku?

Tena, fedha huweza kuwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Aliyekitumia kwa muda mrefu anieleze iwapo kinga ilipungua.