Yule fundi wa parketi mnayemjua nyote amezamisha kijiti chake cha meno katika sakafu yangu, mbele ya wakwe

MamaWaKampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu wageni wametoka hapa sasa hivi. Jina lake sitalitaja, wala hakuna haja: ni yule yule aliyetandika nusu ya sebule za mji huu, ambaye huja na msumeno wa kuazima na kuondoka na malipo kamili. Alinitandikia parketi ya kunasana, zile mbao za sakafu zinazoshikana zenyewe kwa kingo, mwezi wa pili, mvua ikipiga bati usiku na mchana, akaapa kwamba hata kucha haitapita kati ya ubao na ubao. Leo tuko mwezi wa tisa, na mbao zimeachana kiasi kwamba mjusi huingilia sebuleni akatokea chumbani bila kuusumbua mlango.

Nilimwita aje aone. Alifika saa ya chakula, bila shaka, akaketi na wakwe zangu, akala bukari, kisha akakitoa kijiti cha meno mdomoni mwake, akakilaza ndani ya ufa huku baba mkwe akitazama, na kikazama chote. Kijiti kile kile kilichotoka mdomoni! Halafu akatamka kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano: «Mama, sakafu haina kosa, ina kiu tu, imwagieni maji kila jioni.» Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Kijiti bado kimo humo, na mwenyewe ameondoka na nauli niliyompa mimi.

FundiMstaafuKatuba

Mama, pole sana, lakini maji usiyamwage hata kidogo. Kiini cha mbao hizo ni unga wa mti ulioshindiliwa pamoja na gundi. Unga huo ukinywa maji kwenye maungio huvimba kingo, na kingo zikishavimba hazirudi tena, hata kiangazi kirefu kije. Kilichotokea kinaeleweka: mbao zilitandikwa zikiwa zimeshiba unyevu wa mvua, kisha tangu mwezi wa tano hewa ya huku ikakauka, nazo zikasinyaa. Zingeachwa ndani ya chumba kile kile kwa saa 48 kabla ya kutandikwa, na sakafu ingepewa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote, ingesinyaa na kutanuka yote pamoja. Mahali ilipobanwa, haiwezi kusogea, basi inaachana pale penye kiungo dhaifu.

Kijana_wa_Ruashi

Mimi nina swali moja tu: ilikuwa nyama gani hata ikahitaji kijiti?

MamaWaKampemba

Kuku. Ila ndugu yangu, tusizungumzie kuku, tuzungumzie kijiti kilichotoka mdomoni kikaingia sakafuni mwangu mbele ya mzee anayeniheshimu, au aliyekuwa ananiheshimu.

PapaNoela

Mama, shukuru. Mimi wangu alijaza nyufa zote kwa silikoni mwezi wa nane, akaniambia kazi imekwisha. Mvua ziliporudi, mbao zikavimba, silikoni yote ikaminywa na kutoka juu kama minyoo, na mpaka leo watoto wanaivuta vipande vipande na kuvichezea.

Yaya_Bel_Air

Nyinyi mnalilia nafasi, mimi nailalamikia sakafu isiyokuwa nayo. Yangu ilitandikwa mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, mbao zikiwa kavu kabisa, zikasukumwa mpaka zikagusa kuta zote nne. Mwezi wa kwanza ikanyanyuka katikati ya sebule, na tangu hapo televisheni tunaitazama tukiwa tumeinamisha shingo.

FundiMstaafuKatuba

Yaya, hiyo yako ng'oa plinti, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya kuta, kata ukingo wa mbao upande wa ukuta, nayo italala yenyewe baada ya siku kadhaa. Plinti ipigiliwe ukutani na isipigiliwe sakafuni. Mama wa kijiti, wewe pia anza kwa kung'oa plinti, kisha mbao zirudishwe pamoja kwa chuma cha kuvutia na nyundo, taratibu, kuanzia upande uliobanwa. Je, fundi alisimamisha kabati zito juu ya sakafu?

MamaWaKampemba

Kabati la vyombo, refu mpaka dari, alilipigilia misumari mwenyewe ikapenya mpaka kwenye zege. Lakini mbona hakuna anayesema neno juu ya adabu ya mtu huyu?

Kijana_wa_Ruashi

Basi kabati limeshika upande mmoja wa sakafu, upande wa pili unajivuta. Kijiti angalau kimejaribu kuziba.

MzeeWaKamalondo

Haya yote ni matokeo ya kukimbilia mbao za katoni. Marehemu baba aliweka mulombwa mtupu, nao ni mti unaosinyaa kidogo sana ukikaushwa vizuri.

Yaya_Bel_Air

Ukikaushwa vizuri, Mzee. Hapo ndipo penye shida. Mlango wangu wa mulombwa uliletwa mbichi kutoka kwa seremala, na mwaka wa kwanza ukapinda hata kitasa hakikuona tena tundu lake.

PapaNoela

Wangu si mulombwa, lakini kila mwezi wa kwanza hauingii kwenye fremu. Seremala akauranda ukiwa umevimba, na sasa jirani hunisalimu kupitia pembeni mwake bila kubisha.

MamaWaKampemba

Jamani, kijiti!

MzeeWaKamalondo

Papa Noela, mlango haurandwi wakati wa mvua kubwa, unasubiri ukauke kwanza. Uliupaka rangi hata juu na chini, pale pasipoonekana? Maseremala wengi hupaacha wazi, na unyevu huingilia hapo.

PapaNoela

Chini hapakupakwa hata tone, Mzee. Nitautoa bawabani Jumamosi. Swali ni kama niongeze kipande cha ubao pembeni sasa hivi au ningoje mvua zianze kwanza.